Klasta ya seva 3 za Proxmox: kadi za mtandao nizigaweje ili moja ikifa huduma isisimame?

mlinzi_wa_raki:

Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo kwa waliowahi kuifanya hii kitu kwa vitendo. Kazini kwetu (ni saccos, watu wanategemea kaunta na simu) tumepata seva 3 Dell R730 used, ziko vizuri na RAM ya kutosha, na bosi ameshakubali tuachane na ile seva moja ya zamani tuhamie kwenye klasta ya Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani VM, kwenye kundi la seva) yenye HA (seva moja ikifa VM zake zinawaka kwa nyingine), maana siku ile seva ikigoma ofisi nzima inakaa kusubiri na foleni inafika mpaka nje. Storeji nataka Ceph, ile inayoweka kopi za data kwenye seva zote kupitia mtandao, diski zipo ndani ya seva zenyewe.

Kila seva ina porti 4 za 1Gb, eno1 mpaka eno4. Bajeti inaruhusu kuongeza kadi ya 10Gb yenye porti 2 kwa kila seva, plus swichi 2 za kusetiwa za bei ya kawaida tu. Nilivyowaza: porti zote 4 nizifunge kwenye bondi moja (porti kadhaa kufanya kazi kama moja) ya LACP, ile ambayo swichi nayo inashiriki, nipate kama 4Gb hivi, alafu juu yake nikate VLAN (mitandao iliyotengwa kwenye waya huo huo), moja ya wateja, moja ya corosync (anayefanya seva zijuane kama ziko hai), moja ya bakapu. Ile 10Gb iende kwa Ceph. Hesabu yangu ni kwamba zikifa porti 3 bado ya nne inanibeba.

Kuna kitu sijakiona? Nauliza sasa hivi kwa sababu oda haijatoka, vitu vikishafika hakuna mtu atakayesaini tena hela ya kadi.

---

fundi_kebo:

Mkuu umefanya la maana kuuliza kabla ya oda. Ngoja nikwambie ninavyoona, hesabu ya porti achana nayo, hesabu vitu ambavyo vinakufa pamoja. Hizo eno1 mpaka eno4 za R730 zote ziko kwenye kadi moja ndogo iliyochomekwa kwenye ubao. Piga `ethtool -i eno1` alafu eno2, 3, 4, utaona draiva ni ile ile kwa zote, kama ni Broadcom itakuwa tg3 na kama ni Intel itakuwa igb. Kadi ikiungua, au fimuwea ikiganda, au draiva ikileta shida baada ya kuapdeti keneli, zinaondoka zote 4 kwa mpigo. Kwahiyo bondi yako inakulinda na kebo iliyong'oka na porti ya swichi iliyokufa, basi. Kadi yenyewe ikifa hauna kitu.

Dawa yake siyo ghali. Ongeza kadi ndogo ya 1Gb yenye porti 2 ya kuchomeka PCIe, Intel I350-T2 zipo nyingi used, alafu kila bondi ichukue mguu (porti) mmoja kwenye kadi ya ubaoni na mguu mmoja kwenye hii ya PCIe. Ikiwa ya ubaoni ni Broadcom basi hapo umepata na draiva mbili tofauti, ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu mdudu wa draiva moja hauwezi kukuangusha kote.

La pili hiyo LACP. Kwa swichi 2 za kawaida ambazo haziwezi kujifanya swichi moja huwezi kuivusha LACP kutoka swichi A kwenda B. Utalazimika kuchomeka porti zote 4 kwenye swichi moja, na hapo swichi ikizima umekwisha na porti zako 4. Alafu hizo 4Gb unazoziwaza hazipo kwa mteja mmoja, LACP inagawa mazungumzo siyo pakiti, kopi moja ya faili kutoka mashine moja kwenda nyingine itapita waya mmoja na itaishia 1Gb tu. Tumia active-backup, mguu mmoja unabeba na mwingine unasubiri. Haihitaji swichi ijue chochote, mguu mmoja swichi A mwingine swichi B, na zile swichi mbili ziunganishe zenyewe kwa kebo ili aliyeko B amfikie aliyeko A.

La tatu ni hizo VLAN. VLAN inatenga nani anamsikia nani, haiongezi waya. Ni mistari ya rangi kwenye barabara moja, daraja likikatika mistari haikuvushi na foleni ikijaa wote mnakaa humo humo. Corosync mpe waya wake wa shaba, porti nzima, hata kama unaona anaitumia kidogo.

Ningekuwa mimi ningepanga hivi kwa kila seva (enp4s0f0 na enp4s0f1 ni porti za ile kadi ya PCIe):

eno1 + enp4s0f0 → bondi active-backup, wateja na VM, mguu A na mguu B
eno2 → corosync link0, swichi A
enp4s0f1 → corosync link1, swichi B
eno3 → bakapu peke yake
eno4 → iache wazi, siku porti ikifa utaishukuru
10Gb zote 2 → Ceph

Na iDRAC (ya kuisimamia seva ukiwa mbali, hata kuizima) ina porti yake nyuma, usisahau kuichomeka, siku ya shida ndo mkono wako pekee.

---

nodi_ya_kisumu:

Naunga mkono, na hapo kwa bakapu nataka kuongeza kitu maanake nimeiona kwa macho. Kuna klasta niliitwa kuangalia, node (seva za klasta) tatu, malalamiko yao ni kwamba usiku fulani fulani seva ZOTE tatu zinajizima na kuwaka upya pamoja. Walishabadilisha UPS, wakabadilisha RAM, wakashuku umeme wa jengo. Ukifungua logi ya corosync saa ile unaona kwanza mistari ya `Retransmit List` inajaa, alafu `link: host: 2 link: 0 is down`, alafu host 3 hivyo hivyo, na kidogo baadaye `client watchdog expired`. Ukicheki saa, ni dakika chache baada ya bakapu kuanza. Bakapu, VM na corosync wote walikuwa kwa waya mmoja wa 1Gb wenye VLAN, vile vile umepanga wewe.

Ukielewa inavyofanya kazi utaona hakuna kitu kiliharibika, kila sehemu ilifanya kazi yake. Corosync anatumia data kidogo sana lakini anataka ifike haraka, Proxmox wenyewe wanasema chini ya milisekunde 5 kati ya node. Waya ukijaa bakapu pakiti zake zinangoja kwa foleni ya swichi. Kwa klasta ya node 3 akikosa tokeni (ujumbe unaozunguka kati ya node) kwa kama sekunde 3 na nusu hivi anaamua kuna mtu amepotea na anaanza kuunda kundi upya. Sasa kila node inajiona iko peke yake, kura 1 kati ya 3, akidi haijatimia. Na node yenye HA ikikaa bila akidi kwa sekunde 60 watchdog (kipima muda cha usalama) inaiua, yaani inaizima na kuiwasha upya, kwa makusudi, ili VM moja isije ikawaka sehemu mbili na kuharibu diski. Node zote tatu zimekosa akidi, kwa hivyo zote tatu zinajiua. HA ndio imezima huduma, na bila HA wangepata tu bakapu ya polepole.

Tulivuta kebo mpya za corosync peke yake kwa swichi ndogo ya pembeni na ikaisha.

Na usifikirie LACP itakuokoa kwa hii. Ile ya kawaida inaitwa slow, inatuma ujumbe kila sekunde 30 na inangoja sekunde 90 kabla kusema mwenzangu amekufa. Kama waya umekatika kabisa taa inazima na bondi inajua mara moja, sawa. Lakini kuna ile swichi inaganda taa ikiwa bado inawaka, hapo bondi inangoja 90 na watchdog inangoja 60. Fanya hesabu ni nani anafika kwanza.

---

mlinzi_wa_raki:

Daah wakuu asanteni sana, hiyo ya seva zote tatu kujiua imenishtua kweli, nilikuwa najua HA inaangalia seva moja ikifa tu.

Maswali mawili. Moja, corosync akishakuwa na link0 na link1 sihitaji kumfungia bondi? Pili hiyo 10Gb, nimeuliza bei ya swichi ya 10Gb na kwa kweli haipo kwenye bajeti, nikiwa na mbili ndo kabisa.

---

fundi_kebo:

Hauhitaji bondi. Tangu Proxmox 6 ya 2019 corosync yupo toleo la 3 na anatumia kronosnet (sehemu inayosafirisha pakiti zake), anaweza kushika mpaka link 8 na anahama mwenyewe kutoka moja kwenda nyingine. Yeye anapima kwa pakiti zake mwenyewe kama mwenzake anajibu, haangalii taa, kwahiyo hata ile swichi iliyoganda anaigundua. Bondi ya miimon (kipimo cha kawaida cha bondi) inaangalia taa tu. Wakati wa kuunda unaandika

`pvecm create saccos --link0 10.10.10.1,priority=20 --link1 10.10.20.1,priority=10`

namba kubwa ndo inatumika kwanza. Subneti mbili tofauti, swichi mbili tofauti, na tafadhali hizo swichi mbili zisichomekwe kwenye UPS moja, nimeona watu wamenunua kila kitu viwili viwili alafu vyote vinaishia kwenye ekstensheni moja chini ya meza.

Kuhusu 10Gb, kwa seva 3 tu hauhitaji swichi kabisa. Kadi ina porti 2 na wenzako ni 2, chomeka moja kwa moja, seva 1 kwenda 2, 2 kwenda 3, 3 kwenda 1. Kebo 3 za DAC (kebo za shaba za 10Gb) basi umemaliza. Wiki ya Proxmox wameielezea vizuri, tafuta mesh ya Ceph, chagua ile ya kutumia FRR (programu ya kuelekeza njia za mtandao) ambayo kebo moja ikikatika trafiki inazungukia kwa seva ya tatu. Ile ya routi za kuandika kwa mkono kebo ikikatika hao wawili hawaonani tena mpaka uende mwenyewe. Ubaya wake ni mmoja tu, siku ukitaka seva ya nne itabidi ununue swichi.

---

pakiti_moja:

Mimi nina corosync juu ya bondi ya active-backup, hiyo hiyo ya VM, mwaka wa ngapi sijui na haijawahi kuniletea shida. Naona mnamtia mwenzenu gharama, kadi za nini zote hizo kwa saccos?

---

nodi_ya_kisumu:

@pakiti_moja inawezekana kabisa, kama bakapu zako ni ndogo au zinapita njia nyingine waya haujai na hautaona kitu. Hata yeye akitaka anaweza kuweka link ya tatu juu ya bondi ya VM kama akiba ya mwisho, priority ya chini kabisa, hiyo ni sawa na haina gharama. Ila njia ya kwanza ya corosync isiwe hiyo. Pesa ya watu iko hapo ndani, na kadi ya I350 used ni pesa kidogo ukilinganisha na siku moja ya kaunta kufungwa.

---

dada_wa_muscat:

Salaam kwenu. Nimesoma yote na mpangilio wa fundi_kebo ni mzuri, lakini kuna jambo hamjamwambia mwenye swali na ndilo linalowauma wengi baadaye, kwa hiyo nitaliandika kwa urefu kidogo.

Kaka, HA ya Proxmox inaangalia kama node iko hai na ina akidi. Haiangalii kama VM zako zinafikika. Bondi ya wateja ikifa miguu yote miwili kwenye seva ya 2 huku corosync link0 na link1 wakiwa salama, basi kwa macho ya klasta seva ya 2 ni nzima kabisa. VM zake zinaendelea kuwaka, hazihamishwi, na kaunta hawapati kitu. Utafungua dashibodi utakuta kijani tupu. Ukitumia Pacemaker (programu nyingine ya klasta) kuna rasilimali yake ya ping unaweza kuifunga na huduma ili geitiwei isipofikika huduma ihame, na klasta ya Windows ina alama ya kulinda mtandao wa VM inayohamisha VM mtandao ukikatika. Kwa Proxmox hilo huna, kwa hiyo bondi ya wateja ndiyo inayohitaji kuwa imara kuliko zote, na uwe na kitu cha nje kinachoipigia ping kila VM na kukutumia ujumbe. Kipige kutoka upande wa kaunta, sio kutoka ndani ya raki.

Na Ceph ni hivyo hivyo. Kadi ya 10Gb ya seva ya 3 ikifa, seva ya 1 na 2 zina kopi mbili na zinaendelea, kama pool (fungu la data la Ceph) ni size 3 na min_size 2, yaani kopi tatu na zisipungue mbili. Lakini VM zilizoko kwenye seva ya 3 zinaganda zikisubiri diski, na corosync bado anasema seva ya 3 yupo. Hakuna kitakachohama. Utakachofanya hapo ni kuingia iDRAC ya seva ya 3 na kuizima kwa nguvu, klasta itamwona amepotea na ndani ya kama dakika 2 VM zitawaka kwa wenzake. Liandike hilo kwenye karatasi ubandike mlangoni kwa chumba cha seva, kwa sababu atakayekuwa zamu usiku huo huenda asiwe wewe.

Jambo jingine ni swichi ikirudi baada ya kuzima. Watu wanapima kuondoka hawapimi kurudi. Swichi yenye spanning tree (kinga ya mizunguko ya mtandao) ya zamani ikiwaka, taa ya porti inakuja mara moja lakini swichi haipitishi pakiti kwa sekunde 30, 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza. Kama umeweka primary (mguu unaopendelewa) kwenye bondi, inaona taa, inafurahi, inarudi kwenye ule mguu hapo hapo na kumwaga trafiki kwenye ukuta. Mtandao uliokuwa unafanya kazi vizuri kwenye swichi B unakatika kwa sababu swichi A imepona. Kwa hiyo porti zote zinazoenda kwa seva ziweke kama porti za pembeni, zile za portfast, usiweke primary, na uipe bondi subira:

```
auto bond0
iface bond0 inet manual
    bond-slaves eno1 enp4s0f0
    bond-mode active-backup
    bond-miimon 100
    bond-updelay 60000
```

Hiyo 60000 ni milisekunde, mguu uliorudi unasubiri dakika nzima kabla ya kuaminiwa. Swichi nyingi zinahitaji muda huo kuamka.

Kupima, ng'oa kebo kwa mkono. Kuizima porti kwa amri sio kitu kimoja na kebo kukatika. Anza na kebo moja moja huku umefungua `cat /proc/net/bonding/bond0` uone mguu upi unabeba, na `corosync-cfgtool -s` uone link ipi imeanguka. Kisha zima swichi A yote kwa umeme, subiri, iwashe, na uangalie kurudi kwake. Kisha B. Mwisho jaza waya wa bakapu kwa iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) huku unatazama logi ya corosync, isiandike chochote. Fanya yote kabla data ya wanachama haijaingia humo.

---

mlinzi_wa_raki:

Dada Mungu akubariki, hilo la dashibodi ya kijani nisingelijua mpaka lini sijui. Nimeshamwandikia bosi: kadi 3 za I350, moja kila seva, DAC 3, na UPS ya pili ya swichi B. Hela ya swichi ya 10Gb niliyokuwa nataka kuiomba haipo tena kwa hiyo kwa ujumla imeshuka. Nimeongeza na rangi za kebo, corosync nyekundu, hakuna anayegusa nyekundu.

Swali la mwisho, hiyo enp4s0f0 nikiongeza ile ya 10Gb baadaye jina linabaki hilo hilo?

---

fundi_kebo:

Usiliamini. Hiyo 4 inatokana na namba ya basi ya PCIe, ukichomeka kadi nyingine au hata diski ya NVMe namba zinaweza kusogea, seva inawaka jina limekuwa enp5s0f0 na bondi inatafuta mguu ambao haupo. Funga jina kwa MAC, namba ya porti yenyewe. Tengeneza faili `/etc/systemd/network/10-bkp1.link`, kwenye [Match] weka `MACAddress=` ya ile porti, kwenye [Link] weka `Name=` jina unalotaka, alafu `update-initramfs -u` na uwashe upya. Mi huwa nayapa majina ya kazi, `coro0`, `coro1`, `lan0`, hata atakayekuja baada yangu anajua ni waya gani asiung'oe.

Kwa hiyo chomeka kadi ZOTE kwanza, funga majina, ndo uanze kuunda klasta. Na siku ukihariri `/etc/pve/corosync.conf` kuongeza ile link ya tatu, hariri kopi pembeni, pandisha `config_version` kwa moja, alafu uirudishe, maana faili hilo ukilisevu linaenda kwa seva zote tatu papo hapo.